Bomba, kisima, boza, mvua au chupa: maji ya kunywa ya nyumbani uyatoe wapi?

"Chanzo kikuu cha maji ya kunywa kwa watu wa kaya hii ni kipi?"

Swali hilo nimeliuliza milangoni mwa watu mara nyingi mno, miaka ile nilipokuwa nikizunguka mitaa ya Dar es Salaam kama mdadisi wa tafiti za kaya. Kwenye dodoso majibu yamepangwa kwa namba: bomba ndani ya nyumba, bomba la jirani, kioski, kisima kirefu, kisima kilichofunikwa, kisima cha wazi, mvua, boza, mkokoteni, chupa. Unachagua moja. Na karibu kila mlango nilijibiwa kwa neno moja: "Inategemea."

Inategemea kama bomba linatoa. Inategemea kama ni masika. Inategemea kama mwenye nyumba amelipa ankara. Mama mmoja wa Mbagala alinihesabia kwa vidole: ya kufulia ni ya kisima cha jirani, ya kupikia ni ya bomba yakiwepo, ya kunywa ni ya dukani baba watoto akiwa na kazi, na asipokuwa na kazi ni ya bomba yaliyochemshwa. Nikaandika "bomba" kwa sababu kisanduku kilikuwa kimoja. Hadi leo sina uhakika kama niliandika sawa.

Ulinganisho huu ni wa hao wanaosema inategemea. Nimeuandika nikiwa na Dar kichwani, lakini ukikaa Mombasa, Tanga au Zanzibar mengi utayatambua.

Kwanza, tenga dumu moja

Watu wengi hukwama kwa sababu wanatafuta chanzo kimoja cha kila kitu. Hesabu kidogo inasaidia. Kaya ya watu watano inakunywa lita 10 hadi 15 kwa siku, na ukiongeza chai na uji unafika kama lita 20, yaani dumu moja. Maji mengine yote, ya kuoga, kufua, kudeki na chooni, hayahitaji ubora huo, na ndiyo yanayokula madumu mengi.

Kwa hiyo swali letu ni dogo kuliko linavyoonekana: dumu moja la kila siku litoke wapi? Kisima cha chumvi kinaweza kuwa kizuri sana kwa kufulia na kibaya kwa dumu hilo. Maji ya chupa yanaweza kuwa ghali mno kwa nyumba nzima na yakavumilika kwa dumu hilo. Yote yanayofuata yapimwe kwa dumu moja.

Vigezo vyenyewe

Usalama. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni vijidudu, ambao huuawa kwa moto au dawa. La pili ni vitu vilivyoyeyuka: chumvi, naitreti, floraidi. Hivyo moto hauviondoi. Ukichemsha maji ya chumvi, mvuke unaondoka na chumvi inabaki sufuriani, kwa hiyo chumvi inazidi kidogo.

Bei. Linganisha kwa uniti, yaani lita 1,000, ambazo ni madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti ni 5,000. Likiuzwa 500, uniti ni 25,000. Ukishazoea kuzidisha mara 50, hakuna muuzaji atakayekuchanganya.

Uhakika, maana yake siku ngapi kwa wiki, na je, Januari yapo?

Ladha. Usiidharau. Maji yasiyonyweka watoto huyakimbia wakaenda kunywa kwa jirani, na ya kwa jirani hujui yametoka wapi.

Kazi. Nani anayachota, na anatumia dakika ngapi? Katika vipimo vya kimataifa, safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi ikizidi dakika 30, kaya inashushwa daraja hata kama chanzo chenyewe ni kisafi. Kwa mtoto anayechelewa shule hicho ni kipimo cha haki.

Bomba na kioski

Usalama. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanatibiwa kabla ya kusukumwa mjini: Ruvu Juu kule Mlandizi, Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, na kiasi kidogo Mtoni, mtambo mkongwe kuliko hiyo mingine. Yanatiwa klorini, na kiasi fulani cha klorini hiyo kinatakiwa kibaki ndani ya maji mpaka kwenye koki yako. Ukisikia harufu yake kwa mbali, ni dalili njema.

Shida iko njiani. Bomba likikaa bila maji presha inashuka, na kila penye ufa panaanza kunyonya kilicho nje. Kama mpira wa kwenu umepitishwa kwenye mtaro, unajua kilicho nje ni nini. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao huwa na rangi ya chai. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya chooni, kisha kinga ya kunywa yakishatakata. Na hata hayo, kama bomba la mtaani kwenu hutoa kwa kusuasua, yatie dawa au yachemshe.

Bei. Hakuna kinachoshindana na bomba. Dumu moja kwa siku ni lita 600 kwa mwezi, hata robo tatu ya uniti haifiki. Ankara kubwa husababishwa na kufua, bustani na koki inayovuja, wala si maji ya kunywa. Kwenye kioski unalipa zaidi kwa lita kuliko mwenye mita, jambo ambalo kila mpangaji analijua na linamuuma, lakini bado ni nafuu kuliko mkokoteni. Kwa jirani mwenye bomba bei ni ya makubaliano, na makubaliano hubadilika siku maji yakiadimika.

Uhakika. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inategemea mto mmoja, Ruvu. Oktoba 2022 mto ulipopungua, mgao ulitangazwa na mitaa mingi ikakaa siku kadhaa bila tone, hadi visima virefu vya Kigamboni vikaongezwa kusaidia. Mtaa wenye bomba haukosi kuhitaji akiba: madumu matatu yaliyofungwa vizuri ni siku tatu za kunywa.

Ladha ni nzuri. Wengine hulalamikia klorini. Yaache wazi kidogo kwenye chombo kisafi, harufu inapungua.

Kazi: kama koki iko uani, hakuna. Kama ni kioski, pima foleni ya saa kumi na mbili asubuhi, maana ya saa nne haikuambii kitu.

Linamfaa nani? Kila aliye na bomba linalotoa angalau siku tatu au nne kwa wiki, na yuko tayari kuweka akiba na kutibu dumu lake.

Kisima

Hapa ndipo niliposikia majivuno mengi kuliko penginepo. Mwenye kisima Dar ni kama mwenye duka. "Maji yangu hayana dawa, ni ya Mungu mwenyewe," aliniambia mzee mmoja huku akinionyesha maji maangavu, baridi, yanayong'aa kwenye ndoo ya bluu. Nikageuka kutafuta choo. Kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye mdomo wa kisima, shimo, upande wa juu.

Usalama. Mwongozo unaorudiwa na mafundi ni mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye viwanja vya uswahilini, ambako nyumba tatu zinagawana ukuta, mita 30 zinavuka viwanja vinne. Kwa hiyo hata kama choo chako umekiweka mbali, cha jirani je? Kisima kifupi katika mtaa uliobanana kichukulie kuwa kimechafuka hadi kipimo kiseme vinginevyo. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 na kusambaa nchi nzima kiliwakumba zaidi watu wa mitaa ya namna hiyo.

Kisima kirefu ni habari nyingine. Kikichimbwa na mtu anayejua kazi, kikawekwa bomba la plastiki na juu kuzibwa kwa saruji ili maji machafu yasiteremke pembeni, kinaweza kutoa maji yasiyo na vijidudu kabisa. Kumbuka kwamba kuchimba kunahitaji kibali. Kwa Dar es Salaam mwenye mamlaka ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Fundi anayekwambia kibali si lazima anaokoa muda wake, wala si pesa yako.

Naitreti nayo inatokana na vyoo hivyohivyo, haina rangi wala harufu, na ni hatari hasa kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Huyo usimpe maji ya kisima kisichopimwa, hata yakichemshwa mara tatu.

Bei. Gharama yote iko mwanzoni: kuchimba, pampu, tenki la juu. Baada ya hapo unalipa umeme na fundi wa pampu. Kwa dumu moja la kunywa, kuchimba kisima ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha chai. Kwa nyumba ya wapangaji kumi, hesabu inabadilika.

Uhakika ni mkubwa, ilimradi Luku ina uniti. (Uniti hizi ni za umeme; Kiswahili chetu cha ankara kina neno moja kwa vyote viwili.)

Ladha ndipo pwani inapotuangusha. Kadiri visima vinavyovutwa kwa nguvu karibu na bahari, ndivyo maji ya bahari yanavyosogea chini kwa chini kujaza nafasi. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba meupe, chai inakuwa na ladha ya ajabu. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye vitu vilivyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita yana ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Kuna kipimo kidogo cha mfano wa kalamu kinachosoma namba hiyo. Kinasaidia, ila angalia: hakioni vijidudu. Wauza machujio hukitumbukiza kwenye glasi yako ya bomba, wakakuonyesha namba, wakakutisha. Namba hiyo haisemi kabisa kama maji yana kipindupindu.

Kazi: ukiwa na pampu, hakuna. Ukivuta kwa kamba, mgongo wako unajua, na kamba inayolala chini kisha ikarudi kisimani ni njia ya uchafu.

Kisima kinamfaa mwenye kiwanja kikubwa, mbali na vyoo, aliyepima maji. Kwa wengine wote kiwe cha kufulia, na hiyo si aibu.

Boza, guta na mkokoteni

Nianze na kisa. Mwaka mmoja wa mgao nilinunua boza la lita 10,000 kwa kushirikiana na majirani wawili. Tulikuwa na tenki la 5,000 na mengine mawili ya 2,000, yote makavu. Jumla 9,000. Tulitegemea yajae na lita 1,000 zibaki za kugawana kwenye mapipa. Boza likaisha na tenki la tatu halijafika nusu. Dereva akaapa. Tukatazamana. Tangu siku hiyo nalipa kwa tenki ninalolijua mimi, silipi kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari.

Usalama. Swali ni moja: limejaza wapi? Boza lililojaza kwenye kituo cha mamlaka limebeba maji yaleyale ya Ruvu. Lililojaza kwenye kisima cha mtu binafsi limebeba chochote kilicho kisimani humo. Omba stakabadhi ya kujazia. Onja kabla mpira haujaingia tenkini: chumvi itakwambia mara moja. Halafu utazame mpira wenyewe ulivyoburutwa chini tangu barabarani. Kwa mkokoteni na guta, tazama madumu: yaliyokuwa ya mafuta ya kula yanaoshwa, yaliyokuwa ya kemikali hayaoshiki.

Kwenye takwimu za dunia boza na mkokoteni vilihesabiwa miaka mingi kama vyanzo visivyoboreshwa, yaani visivyotarajiwa kutoa maji salama, moja kwa moja, bila kuuliza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha, vikaingizwa kwenye vilivyoboreshwa. Sisi wadadisi tulicheka kidogo, maana maji yenyewe hayakubadilika usiku ule. Lakini nadhani walikuwa sahihi: boza ni chombo tu, linaweza kuwa safi au chafu.

Bei. Ghali, na inapanda siku unayolihitaji zaidi. Mkokoteni ndio ghali kuliko boza kwa lita, kwa sababu unalipia miguu ya mtu.

Uhakika wa kupatikana ni mzuri mpaka siku jiji zima linapolitafuta. Ladha inafuata chanzo. Kazi ni ya muuzaji, na kwa mzee anayeishi peke yake ghorofani au mama aliyejifungua juzi, hilo linatosha kulipia tofauti ya bei.

Linafaa kwa dharura, kwa shughuli (msiba, harusi), na kwa mtaa ambao bomba halijafika. Kwa dumu la kunywa la kila siku, tibu kwanza, bila kujali dereva amesema nini.

Mvua

Hiki ndicho chanzo ambacho watu wa mjini wanakidharau bila hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 40, la nyumba ya vyumba viwili tu, lingeweza kukupa lita 40,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kurukia pembeni, zinabaki 32,000. Dumu lako la kila siku kwa mwaka mzima ni lita 7,300.

Rudia kusoma namba hizo. Kwa kila matumizi mvua haitoshi. Kwa kunywa inabaki.

Uhakika ndio unaowapa watu wasiwasi, na hapo napo hesabu inafariji. Baada ya masika, kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba ni siku 120 na ushee, lita 2,440. Simtanki la lita 3,000 linavuka. Halafu vuli zinalijaza tena kabla ya Januari. Sharti ni moja, na ni gumu kuliko linavyosikika: maji hayo yawe ya kunywa tu. Siku kijana wa nyumbani atakapooshea pikipiki, kiangazi kitakukuta mikono mitupu.

Usalama. Mvua yenyewe ni safi, paa ndilo linalochafua: vumbi, majani, na kunguru. Asiyewajua kunguru wa Dar hajatundika samaki akauke. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, usiikinge. Zoa majani kwenye mfereji, weka wavu mdomoni mwa tenki, funika. Wavu huo ni wa mbu pia. Homa ya dengue ilipolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, mbu wake alikuwa akizaliana kwenye vyombo vya maji masafi yaliyotulia, majumbani mwetu. Paa la rangi ya zamani inayobambuka usikingie maji ya kunywa. Na tibu kabla ya kunywa, kama ya bomba.

Bei: mfereji, tenki na msingi wake. Baada ya hapo, bure. Ladha ni laini, chai inatoka vizuri sana, ingawa aliyezoea maji ya kisima atasema "yamepooza". Kazi ni kupanda juu ya paa mara mbili kwa mwaka na kuosha tenki kabla ya masika.

Inamfaa mwenye nyumba yake, au wapangaji walioelewana na mwenye nyumba kwa maandishi. Haimfai wa ghorofa la tatu. Wenzetu wa mwambao wa kaskazini wana neno jabia, birika kubwa la kuhifadhia maji. Watu wa pwani walikuwa wakikinga akiba muda mrefu kabla simtanki halijazaliwa.

Chupa na duka la kujaza

Usalama. Chupa iliyofungwa kiwandani, yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), lakiri isiyoguswa na tarehe inayosomeka, ni salama kunywa bila kutibu. Kati ya vyote nilivyotaja ni hii tu. Chupa kubwa za dispensa za lita 18.9 (namba ya ajabu, ni galoni tano za Kimarekani) zinarudishwa na kujazwa tena, kwa hiyo tazama lakiri kila mara. Na dispensa yenyewe ioshwe. Niliwahi kufungua ya ofisi moja nikakuta utelezi wa kijani chini ya pale chupa inapokaa, na wote tulikuwa tukiyaita "maji safi". Duka la kujaza mtaani, la kuleta chombo chako, liko katikati: mashine inaweza kuwa nzuri, dumu lako likawa chafu.

Bei. Chukulia chupa ya lita 18.9 ni shilingi 4,000 mtaani kwenu. Uniti moja inapita 210,000. Inatisha. Lakini kaya inayokunywa lita 10 kwa siku, ikapikia maji mengine, inahitaji chupa kama 16 kwa mwezi, 64,000. Kwa wengine ni kodi ya chumba, kwa wengine ni vocha za mwezi. Usimhesabie mtu.

Uhakika ni mzuri, ladha ni nzuri na haibadilikibadiliki. Kazi: chupa iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 20 na lazima mtu aipindue juu ya dispensa. Mama mjamzito asiifanye hiyo. Chupa ndogo zilizokaa juani dukani siku nzima zikwepe.

Inamfaa asiye na nafasi wala muda wa kutibu, mwenye kichanga, msafiri, mgonjwa, na kila mtu wiki ile ambayo bomba linatoa rangi ya udongo.

Kutoka ndoo hadi kikombe

Sasa jambo ambalo dodoso la kawaida halilioni. Kwenye MICS, tafiti za kaya za UNICEF, maji yanapimwa mara mbili: pale yanapochotwa, na kwenye glasi. Mililita 100 zinapitishwa kwenye chujio jembamba, chujio linawekwa kwenye kisahani, linalazwa kwenye joto mpaka kesho yake. Bakteria wa kinyesi wakiwemo, vinaota vidoa vya bluu, unavihesabu kwa macho. Kinachotakiwa ni sifuri. Na nchi baada ya nchi, glasi hutoka chafu kuliko chanzo.

Sababu nimeiona mara mia. Ndoo imefunikwa kwa sahani, juu yake kikombe cha plastiki chenye mkono. Mtoto anaingia kutoka kucheza, anafunua, anazamisha kikombe hadi vidole vinalowa, anakunywa, anarudisha kilichobaki ndoonimo. Maji yalikuwa ya chupa ya 4,000.

Ndoo yenye koki na mfuniko wa kukaza inatibu tatizo hilo kwa bei ya mara moja. Dawa ya klorini ya vidonge hufuata maelekezo ya pakiti, kwa kawaida kidonge kimoja kwa dumu la lita 20 la maji maangavu, kisha subiri dakika 30. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa kisafi. Kuchemsha kunaua vijidudu vizuri, ila kwa birika la umeme dumu zima linakula karibu uniti mbili za Luku, na kwa mkaa unajua mwenyewe. Klorini ina jambo moja zaidi: inabaki ndani ya maji na kuyalinda hata kidole kikiingia. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi huo, yakichafuka yamechafuka.

Kwa hali yako

Umepanga chumba kimoja na bomba ni la uani: chukua la bomba, madumu matatu ya akiba, vidonge, ndoo ya koki. Usianze na chupa kabla hujajaribu hivyo kwa mwezi mmoja na kuona unabakiwa na kiasi gani.

Una nyumba yako, hata ndogo: weka mfereji na simtanki la mvua kwa ajili ya kunywa, bomba liwe la kila kitu kingine na la kuongezea. Kama una kisima tayari, kipime kabla hujakihukumu. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na mpimaji muulize vitu vitatu kwa majina: E. coli (bakteria wa kinyesi), naitreti, chumvi.

Mtaa wenu hauna bomba na kisima ni cha chumvi: boza la kituo cha mamlaka kwa kuchangia majirani, kwenye tenki lenye ujazo mnaoujua, na dumu la kunywa litibiwe.

Una kichanga wa maziwa ya kopo: chupa yenye lakiri au bomba lililochemshwa. Kisima hapana.

Kipindupindu kimetangazwa: chanzo chochote, tibu, pamoja na ya kupigia mswaki na kuoshea matunda.

Unahamia Arusha au upande wa Meru: sahau nusu ya niliyosema. Huko adui ni floraidi, inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi kuumiza mifupa, na kuchemsha hakuiondoi. Mvua na chupa vinapanda juu ya orodha. Kisima kinashuka mpaka kipimwe floraidi.

Na mdadisi akibisha hodi kuuliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa, mtajie kile ambacho dumu la jana lilitoka. Akiomba glasi ya maji ya kupima, usikimbilie zile za wageni kabatini ukaanza kuzisuuza. Mpe ileile iliyo juu ya ndoo.